Krismasi Katika Nchi ya Joto

(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

 

Viongozi wenu wametuomba tuseme machache kuhusu Krismasi, kwa sababu kanisa lilitutuma sisi na watoto wetu kufanya kazi ya umisheni Turkana. Kwetu ni Kinangop. Huko asubuhi ya Desemba hutoki nje bila sweta. Lodwar joto hupita digrii 35, na mchanga wa mchana hauukanyagi bila viatu. Kadi tulizoletewa kutoka nyumbani zilikuwa na picha za theluji. Watoto wakatuuliza: "Sasa hapa Krismasi itakuja kweli?"

Swali hilo ni zuri, hata kwenu mnaokaa penye baridi. Tuligawanya jibu mara tatu.

Kwanza, tutenganishe Krismasi na desturi zake. Ule mti tunaoupamba ni desturi iliyotoka Ujerumani. Theluji ya kwenye kadi ni ya Ulaya, kwa sababu Desemba kwao ni majira ya baridi. Injili haitaji mti, haitaji theluji, wala haitaji tarehe. Tarehe 25 Desemba ilianza kushikwa kule Roma katika miaka ya 300 baada ya Kristo. Majirani zetu Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea tarehe 7 Januari, na wao ni Wakristo wa tangu zamani. Desturi si dhambi, lakini zikikosekana, Krismasi bado iko.

Kwa hivyo tulitumia vitu vya mahali pale. Kando ya mto Turkwel kuna mikoma, na akina mama husuka vikapu kwa majani yake. Tulipamba kwa majani hayo hayo. Ibada ilianza mapema kabla jua halijakuwa kali. Chakula kilikuwa nyama ya mbuzi na chai ya maziwa. Na maji! Mtu anayechimba mchanga wa mto uliokauka ili apate mtungi mmoja, akikukaribisha maji ya kunywa, amekupa zawadi kubwa kuliko nguo mpya.

Pili, tuisome habari yenyewe. Luka sura ya 2 inasema wachungaji walikuwa nje usiku wakilinda kundi lao. Kule Turkana hatukuhitaji kueleza jambo hilo. Vijana hulala na mifugo wakiilinda na fisi na wezi. Wao ndio walitueleza sisi: kwamba mchungaji haachi mbuzi usiku bila sababu kubwa sana. Mathayo naye anasema mtoto Yesu alikimbizwa Misri. Huko Turkana ndiko kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni anaijua sura hiyo kabla hajaisomewa.

Tena angalieni Luka 2, mstari wa 24. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili. Sheria katika Walawi 12 ilitaka mwana-kondoo, lakini ilimruhusu asiye na uwezo alete ndege wawili. Basi wazazi wa Yesu walitoa kulingana na mfuko wao. Hawakukopa kondoo ili majirani wawaone!

Tatu, na hapa ndipo pananihusu mimi na wewe, ni habari ya pesa. Tunajua vile mambo huenda. Desemba ni mchele, chapati, soda, nguo za watoto na nauli ya wageni. Januari mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na baba anauza mbuzi kwa bei ya hasara. Krismasi ya siku moja inakula muhula mzima.

Kikundi kinaweza kuzuia hayo. Wacha tuseme mko 20, na kila mmoja anaweka shilingi 50 kwa wiki, kwa wiki 40. Hizo ni shilingi 40,000, yaani 2,000 kwa kila mwanachama. Kubalianeni mapema, na mwandishi aandike kitabuni: shilingi 600 ni za sikukuu na 1,400 ni za karo, na hizo za karo hazitoki kabla ya Januari. Mkitaka nyama, nunueni mnyama mmoja pamoja mgawane. Mkitaka mti, kateni tawi, msikate mche mzima. Na kabla ya kugawa, tengeni fungu la mjane au mgonjwa wa kijiji ambaye hana kikundi.

Wengine watasema Krismasi ya namna hiyo ni ndogo. Sisi tumeila chini ya mti wa miiba, bila keki, bila taa, na watoto wetu hawakuuliza tena kama ilikuja. Waliuliza tu kama mwaka utakaofuata tutakuwa hapo hapo.

Tafadhali jadilianeni jambo hili katika mkutano wenu ujao, na mfikie uamuzi. Mungu awabariki, na tunawatakia Krismasi njema na Januari njema pia.