Daku ya Kopo

Ndugu zangu vijana wa Sachangwan! Wapo kati yetu wanaoamka daku wakakoroga unga wa kopo, wakameza kidonge cha vitamini, basi, wakarudi kulala. Saa nne asubuhi uko shambani na jembe, kichwa kinazunguka. Jamani, vitamini haishibishi! Kidonge hakina nguvu ya kumfikisha mtu magharibi.

Na hilo kopo, hebu lisome mgongoni. Mara nyingi ni unga wa maziwa au soya, sukari, na vitamini zilizoongezwa. Maziwa si tunakama hapa hapa? Viazi, njegere na sukuma wiki tunalima wenyewe. Hata unga wa ugali wa pakiti, sheria ya Kenya tangu 2012 inataka utiwe vitamini na madini ya chuma.

Sisemi vidonge vyote ni bure, la. Mama mjamzito asiache vile vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Kama anafunga, ameze usiku. Lakini wewe barobaro mzima, pesa ya kopo nunua maharagwe, upike githeri, ule na chungwa, maana chungwa husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya maharagwe. Chai huyazuia, kwa hiyo daku kunywa maji. Najua baridi yetu ya alfajiri, lakini chai ingoje usiku, futari ikishateremka.