Joho Likishavuliwa, Tufanye Nini?

Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana, Mji wa Kale, baada ya sala ya Alasiri. Wengi mliomba yaandikwe, nami nimeyaandika karibu na nilivyoyasema.

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Ndugu zangu, dada zangu, na wazee wetu mliokubali kukaa na sisi, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Najua wakati huu ni wa kahawa na kaimati, kwa hivyo sitawaweka sana.

Wiki chache zilizopita nilimkuta mtoto wa mtaani kwetu, saa nne asubuhi, siku ya shule, anasukuma mkokoteni wa maji. Nikamuuliza, "Wewe, mbona huko shule?" Hakunijibu mara moja. Alinyoosha kidevu tu upande wa baraza, ambako kijana jirani yetu alikuwa amekaa na simu yake. Kisha akasema, "Si yule ana digrii? Na mimi nikiipata si nitakuja kukaa pale pale?"

Wallahi nilikosa la kumjibu. Nikamsaidia kusukuma mpaka kona, nikaenda zangu.

Yule kijana wa barazani simlaumu. Namjua. Amesoma vizuri, mamake aliuza bangili za dhahabu kumlipia karo, na ameandika barua za kazi mpaka amechoka. Lakini mtoto haoni barua. Mtoto aona baraza. Ndiyo maana nasema, mwaka wa kwanza baada ya digrii si wako peke yako. Mtaa mzima wakutazama, na kuna wadogo zako wanaoamua leo kama shule ina maana au haina, kwa kukuangalia wewe.

Siku ya mahafali sote twafurahi. Twavaa joho (nasema joho la chuo, msicheke, siasa tumeiacha nje), twapiga picha pale Fort Jesus, nyumbani kunapikwa pilau. Baada ya wiki mbili simu zimenyamaza. Hapo ndipo panapohitaji mazungumzo.

Mimi mwenyewe sina digrii, nina diploma. Nasimama hapa kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kukaa na vijana na makaratasi yao, na nimeona ni wapi watu hukwama.

Kwanza nataka mjue kwamba swali hili si geni kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, hakikuanza kama chuo cha kila mtu. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Aga Khan alichanga, Sultani wa Zanzibar alichanga, Mabohora walichanga, na serikali ya kikoloni ikatia yake. Nia ilikuwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ujuzi wa mkono, wasibaki nyuma. Wazee wale waliona tatizo, wakakaa, wakachanga, wakajenga. Hawakuishia kulalamika.

Na pale MIOME palikuwa na karani mmoja kijana. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge yalikuwa gredi ya tatu, hayakumfikisha Makerere. Karani yule alikuwa Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alikaa miaka kadhaa kwenye kazi ya ofisi, lakini aliendelea kusoma, kuandika na kusimama mbele za watu. Hotuba aliyoitoa kwenye Maulidi ilimfikia gavana wa wakati huo, na kutoka hapo mlango wa kwenda kusoma Uingereza ukafunguka. Digrii ya kwanza aliipata Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia, na ya udaktari Oxford. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa kuzikwa.

Mkitoka hapa msiseme nimewaambia kila mtu atakuwa Profesa Mazrui. Nasema hivi: miaka ile ya ukarani haikuwa miaka ya kungoja. Alikuwa na kazi ndogo, na kando yake alikuwa na jambo analolijenga. Tofauti ya kungoja na kujenga ni kubwa sana, hata kama mshahara ni ule ule.

Sasa nije kwenye mambo yenyewe.

La kwanza, digrii nyingi peke yake haifungui mlango, na hili hatuambiwi mapema. Aliyesoma sheria bado ana Kenya School of Law, ana miezi sita ya mafunzo kwa wakili, na ana mtihani wa mawakili. Mwalimu hana darasa la serikali bila nambari ya TSC. Aliyesoma uhasibu ataulizwa CPA ya KASNEB. Mhandisi lazima ajisajili na bodi ya wahandisi. Kwa hivyo usimalize mwaka wa nne ndipo uulize. Wewe ulioko mwaka wa pili, kauliza leo, ujue gharama, wazazi wajipange. Na kama hukuwa na habari na ushamaliza, anza na hilo, usianze na kutuma CV mia moja.

La pili, tafuta pa kushika ujuzi. Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wa mafunzo kazini kwa waliomaliza digrii, miezi 12, na kuna posho. Wengi wetu hatuombi kwa sababu tumeshajiambia, "Zile ni za watu wao." Huenda ukakosa, lakini usijinyime mwenyewe kabla hujanyimwa. Kwa wale wa kompyuta, sanaa na biashara ndogo, Swahilipot Hub iko hapa hapa karibu na Fort Jesus, waweza kwenda kwa miguu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ndivyo walivyotufunza wazee. Lakini hawakusema mkaa barazani.

La tatu ni makaratasi. Hapa pana uchungu, na siufichi. Mimi nilipokwenda kutafuta kitambulisho niliambiwa kwenye ofisi moja nilete karatasi za babu yangu. Babu yangu alizaliwa Mkanyageni, na kuzaliwa kwake kuliandikwa na mamake tu, moyoni. Nilizunguka miezi. Wengi wenu mwaijua hadithi hii, hasa wenye majina ya Kiarabu na Kisomali. Kwa hivyo anza mapema, weka nakala za kila kitu, na andika tarehe na jina la ofisi kila ukienda. Siku tukisimama kudai, tutahitaji kumbukumbu hizo.

Na kwenye makaratasi hayo hayo, jueni haki yenu. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya kuthibitisha mwenendo na madeni unapoomba tu kazi. Anaweza kuvitaka akishakusudia kukupa mkataba wa kuandikwa. Cheti cha mwenendo mwema peke yake ni shilingi 1,050. Kijana asiye na kazi akusanye vyote, kila mwaka, kwa kazi ambayo hata hajaitwa? Ukiambiwa hivyo, sema kwa adabu kwamba sheria imebadilika.

La nne, mkopo wa HELB. Najua kuna walioukataa kwa sababu ya riba, na najua kuna waliouchukua kwa dharura. Mas-ala ya hukumu yake waulizeni masheikh, mimi si mwanachuoni. Langu ni hili: ukishauchukua, usijifiche. Malipo yanatakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukinyamaza kuna faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Nimeona vijana deni limewavimbia kwa kuogopa kuandika barua moja. Kama huna kazi, waandikie, waeleze. Deni ni deni, na dini yetu imelikazania.

La tano, safari za Ghuba. Hakuna aibu kwenda Doha au Dubai kufanya kazi ya ulinzi na digrii yako mkobani. Wazee wetu walikwenda na majahazi. Aibu ni yule anayekutoza laki na kukupeleka kwa viza ya matembezi, ukifika uwanja wa ndege simu yake imezimwa. Kabla ya kumpa mtu hata shilingi, hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Soma mkataba wenyewe, usisomewe. Acha nakala ya pasipoti na mkataba nyumbani. Mtume (SAW) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee Mola. Kuuliza si kukosa imani.

Dada zangu, msidhani nimewasahau. Wangapi hapa wana digrii iliyofungwa kabatini tangu siku ya harusi? Ndoa ni kheri, na kulea ni kazi. Lakini kama moyo wako wataka kufanya kazi, lizungumzeni nyumbani mapema, kabla ya posa, si baada ya mtoto wa pili. Bi Khadija (RA) alikuwa mfanyabiashara, na Mtume mwenyewe alisafiri na mali yake. Wazee, msikieni hilo pia.

La mwisho, na ndilo lililonileta. Haya yote mtu aweza kuyafanya peke yake na bado akakuta mlango umefungwa. Hapo ndipo haki inapoingia. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 yasema ofisi ya umma ikiulizwa kwa maandishi ijibu ndani ya siku 21, na isipojibu kuna Ombudsman. Sheria ya mwaka 2008 ya utangamano yasema hakuna taasisi ya umma inayofaa kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Basi tuulize. Bandarini, kwenye kaunti, kwenye mashirika ya umma yaliyo kisiwani humu: nafasi ngapi zilitangazwa, nani waliomba, nani waliajiriwa? Barazani twasema kila siku "wametubagua". Mimi nataka tuseme tukiwa na barua iliyogongwa muhuri. Manung'uniko ya barazani huishia barazani. Barua ina tarehe, na mtu atalazimika kuijibu.

Jumamosi hii, baada ya Dhuhuri, tutakaa tuandike barua hizo. Njooni na vyeti vyenu na barua za kazi mlizotuma. Hata zile zilizokataliwa, hasa zile.

Nimalizie na yule jirani yangu. Nilimfuata barazani, nikamwambia maneno ya yule mtoto. Alinyamaza sana. Siku ya tatu alinitafuta, akasema anataka kufundisha hesabu watoto wa mtaani, jioni mbili kwa wiki, kwenye chumba cha madrasa. Kazi bado hajapata, sitawadanganya. Lakini yule mtoto wa mkokoteni yuaja, akaa mbele, na wiki iliyopita alirudi shule.

Mwenyezi Mungu atufungulie milango ya rizki ya halali, na atujaalie tuwe sababu ya wadogo zetu kusoma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.