Wavamizi wa Matamvua ya Dagaa
Katika dagaa wa Ziwa Tanganyika huishi minyoo bapa wadogo mno, ambao makazi yao ni matamvua, yaani viungo vyekundu vyenye nyuzi laini ambavyo samaki huvitumia kupata oksijeni majini. Mnyoo hung'ang'ania nyuzi hizo kwa kulabu zilizo upande wa nyuma wa mwili wake, na kwa kuwa hahitaji konokono wala mwenyeji mwingine wa kati, lava, yaani mtoto aliyeanguliwa yaini, huogelea mwenyewe hadi kwa samaki mwingine. Mwaka 2018 wanasayansi waliwaundia minyoo hao jenasi mpya, Kapentagyrus, na la kustaajabisha ni kwamba spishi moja humvamia lumbu, samaki wa jamii ya dagaa, peke yake, ilhali nyingine huishi kwa lumbu na kwa dagaa pia. Lumbu walipohamishiwa Ziwa Kariba katika miaka ya 1960, mnyoo wao alihama nao. Kwa hiyo anayehamisha samaki, au anayewasongamanisha vizimbani, hana budi kuyakagua matamvua kwa hadubini kwanza, kwani samaki aliyeshambuliwa na minyoo wengi hutoa ute unaomzuia kupumua vizuri. Mlaji hana cha kuhofia, maana minyoo hao hawaishi mwilini mwa binadamu.