Bwana Misitu Aanzie Wapi?

Leo tutazungumza juu ya ramani, na juu ya misitu yenye wenyewe. Mfano wetu unatoka Marekani, maana huko zaidi ya nusu ya misitu si ya serikali. Ni mali ya watu, jamaa na makampuni. Watu na jamaa peke yao wenye misitu ni karibu milioni 10, na wengi wana eka chache tu nyuma ya nyumba.

Mwaka 1990 ilitungwa sheria ya kuwasaidia. Bwana Misitu huenda kwa mwenye msitu, huutazama pamoja naye, kisha humwandikia mpango: miti ipi ikatwe, ipi iachwe, kijito kilindwe namna gani. Halazimishwi mtu. Lakini mabwana misitu ni wachache, na kwa miaka mingi aliyeomba ndiye aliyehudumiwa.

Utasema, hiyo ni haki. Basi fikiri kidogo. Anayeomba ni yule aliyekwisha kupata habari, na pengine msitu wake hauna shida kubwa. Mwingine msitu wake umeshika udongo wa mteremko juu ya mto, na watu wa mjini wanakunywa maji ya mto huo. Huyu hakuomba, kwa sababu hakujua kama kuna msaada. Si jambo dogo. Mji wa New York hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka milima ya Catskill, na misitu mingi ya huko ni ya watu binafsi.

Mwaka 2001 majimbo manne, yaani Connecticut, Maryland, Massachusetts na Missouri, yalianza kujaribu njia nyingine, kwa msaada wa kompyuta. Njia yenyewe utaielewa kwa karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Karatasi moja chora mito. Ya pili chora miteremko mikali. Ya tatu chora mahali ambapo nyumba mpya zinasogea. Zipange moja juu ya moja, uziinue dirishani. Mahali palipochorwa mara tatu pataonekana peusi kuliko pengine.

Wao walitumia mambo 12, yakiwamo maji ya kunywa, wanyama walio hatarini kutoweka, wadudu na magonjwa ya miti, moto, na ukubwa wa msitu. Kompyuta hugawanya nchi katika miraba midogo, na kila mraba hupewa alama. Tuseme mto ni alama 3, mteremko 2, nyumba mpya 2. Msitu wenye yote matatu una alama ngapi? Saba. Wenye mteremko tu una 2. Maziwa na miji huondolewa kwanza, kwani hapana msitu wa kutunza.

Lakini nani alisema mto ni 3? Si kompyuta. Ni watu walioketi wakabishana, kila jimbo kwa haja zake. Hapa ndipo mimi ningewataka muwe macho mnapoonyeshwa ramani yo yote. Ukibadili alama, rangi zitahama. Na jambo ambalo halikuchorwa halina alama hata moja.

Ramani ilipokwisha, walichora juu yake misitu iliyokwisha kuandikiwa mipango, waone kama kazi ya zamani iliangukia penye haja. Sheria ya mwaka 2008 ikataka kila jimbo lipime misitu yake yote namna hiyo, na kufikia mwaka 2010 kazi hiyo ilikuwa imefanyika.

Hata hivyo ramani haibishi hodi. Bwana Misitu hana budi kwenda mwenyewe, na mwenye msitu aweza kukataa.

Kabla ya somo lijalo, chukueni karatasi tatu mchore kijiji chenu: maji, miteremko, na miti. Kila mmoja atoe alama zake bila kumwonyesha jirani. Kisha linganisheni.