Binti wa Dhahabu: Majina ya Risasi kutoka Ashkhara hadi Mombasa

Mvuvi wa Ashkhara, pwani ya Omani, anayetaka mshipi wake ufike chini upesi hufunga kipande cha madini ya kijivu karibu na ndoana. Ng'ambo, Unguja na Lamu katika pwani ya Afrika, kipande hicho huitwa chubwi. Nahodha wa Sur aliyekaribia nchi usiku alishusha kamba yenye uzito wa madini yale yale ili apime kina cha maji. Waswahili huiita bildi. Fundi wa kuunga mabirika huchanganya madini hayo na bati akapata lehemu. Askari, bila shaka, ana risasi zake.

Madini ni mamoja, majina ni mengi, na kila jina limetokana na kazi. Hakuna hata moja linalodokeza sumu.

Risasi ilipendwa na mafundi kwa sababu ni laini, ni nzito kuliko chuma, na huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi. Jiko la mkaa linatosha. Vipande vya zamani hutiwa katika kopo, vinalegea, mara vinakuwa maji yanayong'aa. Mng'ao huo haudumu. Utando wa kijivu na manjano hutanda juu, fundi huukwangua na kijiti na kuumwaga pembeni, kisha humimina kilichobaki katika vishimo alivyochimba mchangani. Wachache huuliza ule utando ni kitu gani. Ni risasi iliyoungana na hewa ya oksijeni, na ikichomwa zaidi hugeuka unga wa manjano au wa rangi ya machungwa.

Unga wa namna hiyo una jina tamu sana nchini Omani: bint al-dhahab, yaani binti wa dhahabu.

Ni dawa ya kienyeji ya watoto wachanga. Hupewa mtoto anayelia kwa msokoto wa tumbo, au ili apate choo cha kwanza upesi, na mara nyingine huchanganywa na asali na samli. Mwaka 1995 watafiti walichapisha uchunguzi wao kuhusu unga huo unaotumika Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu, na walichokikuta ni oksidi ya risasi. Ubaya wake una kinaya kinachotisha. Msokoto wa tumbo na kufunga choo ni miongoni mwa dalili zinazojulikana za sumu ya risasi. Mtoto akizidi kulia, bibi ana sababu ya kumwongeza kipimo kingine, na hakuna wa kumlaumu: anaifanya kazi aliyofundishwa na mama yake, kwa dawa yenye jina la heshima.

Mwili wenyewe hudanganyika. Risasi hufanana kitabia na kalisi, madini yanayojenga mifupa, kwa hiyo huingia mifupani na kukaa humo miaka mingi. Mwanamke aliyeila utotoni anaweza kuirudisha katika damu yake wakati wa ujauzito, pale mifupa inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto. Madhara makubwa huwa katika ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kuna jina jingine linalozihusu moja kwa moja nyumba za Ibra, Nizwa na Sur ambako Kiswahili kilirudi pamoja na familia kutoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970. Jina hilo ni wanja wa manga. Manga, kwa Waswahili wa zamani, ni Uarabuni, na hasa Omani. Ndiyo maana ya pilipili manga, na Wamanga ni watu wa huko. Wanja wa manga basi ulifika pwani ya Afrika na sifa ya kwao: wa asili, wa mawe, si masizi ya koroboi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walipochunguza wanja unaouzwa Omani katika miaka ya 1990, walikuta kwamba baadhi yake ni galena, jiwe jeusi linaloundwa kwa risasi na salfa, na mwingine ni kaboni, ambayo ni kama masizi tu. Kwa macho ni weusi ule ule. Mnunuzi anayesisitiza apewe ule wa asili ndiye aliye karibu zaidi na sumu, na mtoto aliyepakwa hujifikicha macho, kisha hutia kidole kinywani.

Neno risasi lenyewe lina tatizo lake. Limetoka Kiarabu, na huko pia madini na zana ya bunduki huchangia jina. Kwa Mswahili wa leo, zana imeyameza madini.

Mfano mchungu uko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu tangu 2007. Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009. Mwanawe aliyekuwa akinyonya akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Omido aliacha kazi na kuanza kudai haki ya mtaa mzima. Kiwanda kilifungwa 2014, naye akapata Tuzo ya Goldman mwaka uliofuata. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Mwambie mzazi yeyote wa pwani kwamba mwanawe ana risasi mwilini, na swali la kwanza litakuwa nani aliyepiga. Ndiyo maana magazeti hulazimika kuandika madini ya risasi, neno la pili likilinda la kwanza.

Kuna pendekezo dogo kwa waganga na wauguzi wanaozungumza na wagonjwa kwa Kiswahili, wawe Jaalan ya Omani au Jomvu ya Mombasa. Jina la kikemia lisitangulie. Muuguzi aulize kama mtoto amepakwa wanja na ulinunuliwa wapi, kama amepewa bint al-dhahab, kama kuna mtu nyumbani anayeyeyusha chubwi au kuvunja betri, na huyeyushia katika sufuria gani. Bibi aulizwe kwanza, kwa adabu, na aombwe kuleta kichupa chenyewe. Hatakileta akishaambiwa kwamba amemwekea mjukuu wake sumu.