Redio Yetu Ilipohamia Uwanjani

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, ukumbi wa chakula wa shule.)



 Katibu aliponiandikia alitaka nizungumzie utumishi wa umma. Namwomba radhi, kwani nitazungumza juu ya redio. Lakini ninyi wenyewe mtaona kuwa utumishi sikuuacha mbali.

Redio ya wilaya yetu wengi mnaifahamu. Kwa miaka mingi ilikuwa na kila kitu kidogo kidogo: salamu, taarab, mahubiri, bei za mazao, matangazo ya vifo asubuhi na jioni, na kila Jumanne saa 1 usiku nusu saa ya mifugo, ambayo niliiendesha mimi tangu nihamishiwe huku. Mwaka juzi, bila ya taarifa, tuliamka tukasikia wachambuzi wa mpira. Asubuhi uchambuzi, mchana uchambuzi, usiku mpira wenyewe, na mpira ukiisha watu wanapiga simu kumsema kocha.

Mimi si adui wa mpira. Mwaka 1993, nikiwa darasa la sita, nilisimama nje ya duka na wanaume wa kijiji tukisikiliza Simba ikifungwa mabao 2 kwa 0 na Stella Abidjan, nyumbani Dar es Salaam, katika fainali ya Kombe la CAF. Nikaona watu wazima wakilia barazani. Nilipofika hapa kidato cha kwanza mwaka 1995 nililala na redio ndogo chini ya mto, mpaka usiku mmoja wa Simba na Yanga mwalimu wa zamu akaichukua. Mwalimu huyo yuko hapa mbele, namwona anacheka. Betri zilikuwa mpya, Mwalimu.

Basi sasa niwaeleze yaliyonipata. Mnaujua ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia kijijini waweza kufagia mabanda yote kwa juma moja. Tiba hauna; una chanjo, nayo ni rahisi: tone moja jichoni mwa kuku, kisha unarudia kila baada ya miezi 3. Ugumu uko katika kuwakutanisha watu na dawa kwa siku moja, maana dawa ikishachanganywa haingoji. Kwa hiyo tangazo la siku na mahali ndiyo nusu ya kazi yangu.

Kipindi changu kilipofutwa nilikwenda kumwona meneja wa kituo. Ni kijana mstaarabu. Akanipa dakika moja bure wakati wa mapumziko ya mechi. Nilifurahi mno, nikidhani kwamba saa hiyo wilaya nzima inasikiliza. Nilitaja kata, nikataja mwembe, nikataja saa. Siku ilipofika nilikaa chini ya mwembe na kasha langu la barafu. Walikuja watu 11, nao 9 kati yao walikuwa wanaume, na wawili walitaka kujua zawadi za redio zinatolewa wapi. Zamani mahali pale pale walikuwa wakinijia kina mama na matenga yao hadi nakosa pa kukanyaga.

Mwezi wa tisa mdondo ukaingia. Nilikwenda kwa mama mmoja niliyemjua sana, mteja wa kila chanjo. Kuku wake 23 walikuwa wamekufa wote, manyoya yametapakaa uani. Nikamwuliza, Mama, mbona hukuja? Akanijibu bila ya hasira: "Mwanangu, redio yenu siku hizi ni ya kina baba. Sisi tuliizima." Kuku wale ndio waliokuwa godoro na tranka la mjukuu wake aliyekuwa anajiandaa kuingia kidato cha kwanza. Sikuwa na la kumwambia. Mimi ndiye niliyeipokea ile dakika moja na kutoka nikitabasamu, wala sikujiuliza wanaofuga kuku ni nani.

Nilirudi kwa meneja. Akasema, "Bwana Mifugo, hii ni biashara. Hata Marekani ndivyo wanavyofanya." Nikaona kwanza nisome hayo ya Marekani.

Ni kweli yalianzia huko. Jijini New York kulikuwa na kituo kiitwacho WHN, ambacho tangu mwaka 1973 kilipiga muziki wa kantri na baadaye kikatangaza pia mechi za Mets, timu ya besiboli. Tarehe 1 Julai 1987, saa 9 alasiri, kampuni ya Emmis iliyokinunua iliondoa muziki, ikakiita WFAN, na kukifanya cha michezo mchana na usiku. Wapenzi wa kantri wakabaki bila redio yao. Na fedha hazikuja upesi kama wengi wanavyodhani. Mwanzoni kilikula hasara. Mwaka 1988 Emmis ilinunua vituo vya redio vya NBC, na Oktoba mwaka huo WFAN ikahamia masafa ya 660 yaliyokuwa ya WNBC. Pamoja na masafa ikarithi kipindi cha asubuhi cha Don Imus, chenye mzaha na siasa, wala si cha michezo hasa. Kipindi hicho ndicho kilichokuwa nguzo ya mapato yake. Wale wachambuzi wawili mashuhuri wa alasiri, Mike Francesa na Chris Russo, walianza pamoja mwaka 1989.

Hayo nikampelekea meneja: hata mama wa redio zote za mpira hakuuza mpira asubuhi! Akacheka, akakiri hakuwa akiyajua. Kisha akafungua daftari lake, nami nikasoma. Lazima niwe mkweli: matangazo ya wakulima hayakutosha kulipa hata umeme. Kipindi cha mpira kinataka meza, vinasa sauti viwili na simu, na makampuni ya kubeti yanalipa kabla ya mwezi kuisha. (Wadogo zangu, naona mnatazamana. Mkeka ukichanika, fedha za tangazo zimeshalipwa. Ndiyo hesabu yake.)

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio moja kijijini, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Wakati huo redio ilikuwa ya serikali na kipindi hakikuuliza bei. Sisemi turudi huko. Lakini leo kina bei, na mimi mtumishi sina fungu la kuilipia. Nimeandika barua mbili ofisini. Bado nangoja majibu.

Meneja amekubali jambo moja. Jumatano na Jumamosi, saa 1 asubuhi, kabla ya wachambuzi kuamka, atatoa robo saa: matangazo ya vifo, tarehe za chanjo na bei za sokoni, na isomwe kwa sauti ya mwanamke, ili kina mama wajue kuwa wameitwa tena. Anachotaka ni malipo ya miezi 6 ya kwanza. Bei ameiandika na kuipiga mhuri, na karatasi yenyewe iko kwa Katibu wetu, meza ya mlangoni. Chanjo ijayo ni mwezi wa nane.