Tope la Ziwa Lina Hesabu Yake

Ndugu wanakisomo wa Kiseke,

Juma lililopita tulibishana. Wazee walisema furu walimalizwa na sangara. Wengine wakasema hapana, maji yenyewe yameharibika. Leo tuliulize tope.

Mnaujua ule ukijani unaoelea ziwani. Ni mimea midogo mno. Ikifa huzama, ikalala chini pamoja na udongo. Ndani yake mna kaboni, kitu kile kile kilichomo katika mkaa. Tabaka jipya hulala juu ya la zamani, mwaka hata mwaka.

Tope hupimwaje? Wataalamu huenda kwa mashua, wakashusha bomba mpaka likadidimia topeni. Wakilivuta juu, tope hukatwa vipande vyembamba kama mkate. Kila kipande hukaushwa, hupimwa kwenye mizani, kisha huchomwa katika tanuri yenye joto la nyuzi 550. Tuseme lilikuwa gramu 100, sasa zimebaki 80. Gramu 20 zilizoungua ni mabaki ya viumbe, na karibu nusu yake ni kaboni. Ni hesabu ya kutoa tu, nanyi mnaiweza.

Lakini ngojeni. Mtu akikwambia ana magunia 10 ghalani, utamsifu? Kwanza uliza: ya msimu mmoja au mitano? Kaboni nayo bila miaka haitwambii kitu. Basi iko aina ya risasi (siyo ya bunduki!) ambayo huanguka kutoka angani ikazama na tope. Kila miaka 22 hivi hupungua nusu. Kipande chenye nusu ya ile ya juu kina miaka kama 22. Chenye robo, 44.

Mwaka 1996 tope lilitolewa katika ziwa letu, na mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake wakatoa majibu. Mimea ile ilianza kuzidi tangu miaka ya 1930, watu na mashamba walipoongezeka kulizunguka ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya chini yakaanza kukosa hewa, maana mabaki yakioza hula hewa. Furu walikwisha kwa wingi miaka ya 1980. Kwa hiyo sangara ana kesi, ila hashtakiwi peke yake. Na sisi tunaolima tumo.

Juma lijalo kila mmoja alete chupa ya maji ya mfereji, yaliyotekwa mvua ikinyesha. Tutayaacha yatulie, kisha tutapima tope kwa rula.